Mume Mwingine wa Mama

Mwezi uliopita tulimzika mume wa mama yangu. Baba alikuwapo mazishini, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mjane, anapokea pole kama mtu wa nyumba ile, na katika umati wote wa Kolwezi uliojaa uani hakuna aliyeona ajabu. Watu walimwendea mama wakamwambia, "Pole, Mama, bwana yako ametuacha." Mjane mwenyewe aliposikia hayo alicheka huku analia, na kicheko chake kikapita benchi hadi benchi mpaka padri akageuka kutazama.

Marehemu aliitwa Tata Mwape. Alikuwa fundi cherehani, na ndoa yake na mama yangu ilikuwa ya jukwaani tu. Siku za kazi mama alikuwa daktari mpasuaji. Jumapili alasiri, katika ukumbi wa parokia, alikuwa mlevi anayeitwa Mama Kilauri, yaani Mama Glasi, mke wa Tata Mwape, anayeficha chupa ya pombe kali ya lutuku ndani ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Nikiwaeleza hivi watu ambao hawakukulia mji wetu, wananitazama kana kwamba nimemtukana mzazi wangu. Siku ile ya mazishi kijana mmoja wa kundi lao la maigizo alikuja amejichora mikunjo ya uzee usoni, kumheshimu fundi wake. Aliponiinamia kunipa mkono nikasikia harufu ya makaa yaliyosagwa na kukorogwa katika vazelini. Nikawa tena mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, nimesimama mlangoni, ninamwangalia mama anatoka.

Harufu ya kawaida ya mama ilikuwa nyingine: sabuni ya hospitali, kali, iliyoingia hata kwenye mto wake. Aliondoka kabla hatujaamka. Miaka ile vijana walikuwa wakifika kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba shaba na kobalti, na mashimo yalikuwa yakiwaangukia. Mama aliwashona, aliwakata, aliwaunga mifupa, na katikati ya hao aliwazalisha kwa kisu wanawake walioshindwa kujifungua. Akirudi alivua viatu nje, akanawa tena mikono hadi kwenye viwiko, kisha ndipo alituruhusu kumgusa. Baba alikuwa karani wa gare, yaani stesheni. Treni za kwenda Kasaji na Dilolo zilikuwa zimebaki chache, kwa hiyo baba ndiye aliyekuwa akifika nyumbani mapema, akapika, akapiga pasi mablauzi meupe ya mama kwa pasi ya makaa, akipuliza majivu taratibu yasije yakachafua kola.

Sasa, Jumatano na Jumamosi, mama alifanya jambo ambalo mimi sikulielewa. Alirudi kutoka hospitali, akaoga, halafu badala ya kuvaa kitenge kizuri akavaa kile kilichochakaa kabisa, chenye tundu ubavuni, akajifunga kilemba upandeupande. Akasimama mbele ya baba.

"Haya, niko naenda kwa bwana yangu."

"Umusalimie," baba alijibu. "Umuambie akurudishe mbele ya bukari kupowa."

Wakacheka wote wawili, mama akaondoka. Kila wiki maneno yalikuwa hayo hayo na kicheko hicho hicho. Watu wazima wakizoea utani wao husahau kwamba kuna masikio madogo chini ya meza. Mimi niliyachukua maneno yalivyo. Mtaani kwetu mwanaume mwenye nyumba mbili hakuwa habari ya kuzungumzwa. Jirani yetu alikuwa na bibi mmoja kwetu na mwingine karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo sikushangaa kwamba mama alikuwa na bwana wa pili. Nilichokijua, kwa kumtazama yule jirani, ni kwamba mwenye nyumba mbili huanza kwa kwenda siku moja moja, na mwishowe viatu vyake havionekani tena mlangoni.

Jumamosi moja mama alisahau kilemba. Baba alinipa nimpelekee. Ukumbi wa parokia ulikuwa nyuma tu ya kanisa, na njia niliijua. Madirisha yake hayakuwa na vioo. Nilipanda juu ya tofali nikachungulia. Mama yangu, ambaye watu walimwinamia barabarani, alikuwa amepiga magoti vumbini, ameshika suruali ya mwanaume mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni.

"Bwana yangu, usinifukuze! Nitaenda wapi mi?"

"Utarudia kwenu Kasaji!" yule mwanaume alinguruma.

Pembeni vijana wawili wakubwa, wenye ndevu zinazoanza, walikuwa wakilia: "Mama, tuko na njala! Mama, tuko na njala!"

Mama alikuwa kweli wa Kasaji. Na machozi yalikuwa machozi kweli, niliyaona yakimwagika mpaka kidevuni. Niliweka kilemba juu ya dirisha nikakimbia.

Baba alikuwa bado anapiga pasi. Nilisimama mbele yake nikihema.

"Tata, mama iko na batoto bengine kule?"

Hakuinua macho kutoka kwenye kola. "Eh. Babili."

"Bakubwa?"

"Bakubwa sana! Banakulaka saki muzima ya bunga."

Aliona nimenyamaza, akadhani nimefurahi.

Tangu siku ile nilianza kazi ya kumbakiza mama nyumbani. Niliamka kabla yake nikampangusa viatu vumbi jekundu. Sikulia tena niliposukwa. Niliosha sahani ambazo hakuna aliyeniambia nioshe. Na kwa kuwa wale watoto wa kule walikuwa wakimlilia njaa, niliamua kumwonyesha kwamba mimi sina njaa, kwamba mimi ni mtoto asiyechosha. Samaki wangu nilimhamishia kwenye sahani yake akiwa anaangalia pengine. Bukari nilikula tonge moja, mbili, nikasema nimeshiba. Nguo zikaanza kuniteleza kiunoni.

Daktari haishi na mtoto anayekonda bila kuona. Alasiri moja mama alinilaza kitandani, akapasha joto mikono yake kwa kuisugua, akaanza kunibonyeza tumbo kwa vidole ambavyo hadi leo sijapata kuguswa na vingine vya namna ile. Vilikuwa vyepesi, lakini vilijua vinachokitafuta. Baba alisimama mlangoni.

"Inaluma hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana." Kisha sikuweza tena kujizuia. "Mama, batoto ba kule, nabo unabagusaka vile?"

"Batoto ba wapi?"

"Ba bwana yako."

Vidole vilisimama. Baba alitoa sauti kama mtu aliyetaka kucheka, halafu akaitazama nguo yangu iliyolegea kiunoni, na kicheko kikamfia mdomoni. Mama alicheka baadaye, alicheka kwa miaka. Kisa hiki amekisimulia kwenye harusi yangu mbele ya wakwe. Lakini siku ile alishuka akakaa sakafuni ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Mutoto yangu, sikia. Mi niko na bwana moja tu. Njo ule anasimama pa mulango na aibu yake."

"Na ule wa tepu?"

"Ule ni Tata Mwape. Tunachezaka teatri. Tunadanganya, na batu banajua tunadanganya, banakuja kucheka."

"Lakini ulikuwa unalia."

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kumpa mtoto jibu la kumnyamazisha.

"Ku hopitali," akasema, "batu banalia mbele yangu tangu asubui. Mi siwezi kulia nabo, juu nikilia mukono itatetemeka, na mutu atakufa. Njo maana naweka ndani. Naweka, naweka. Jumamosi naenda kwa Tata Mwape, nalia yote, napiga kelele, naanguka chini. Kisha narudia na mukono mwepesi." Aliigeuza mikono yake mbele ya macho yangu. "Unaona? Haitetemeke."

Jumatano iliyofuata alinichukua mazoezini. Tata Mwape aliponiona alipiga magoti kwa shida, maana tumbo lilimzuia, akanipa mkono kama mtu mzima. "Mutoto yangu wa pembeni! Banakunyimaka chakula kwenu?" Wale vijana wawili wakubwa wakanipa karanga. Nikakaa kwenye benchi la mbele, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kile mama alichokuwa akikifanya hakikuwa mchezo kwa maana ya kupoteza muda. Tata Mwape alikuwa mkali kuliko mwalimu wangu. Mama alichelewa siku ile kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa akivuja damu, na alipotaka kueleza, Tata Mwape akamkatiza: "Dokta ni kule. Hapa ni Mama Kilauri, na Mama Kilauri amechelewa. Anza." Na mama, ambaye wauguzi walikuwa wakimwogopa, akasema "Ndiyo, Tata" akaanza. Ulevi wake aliusomea. Alikaa mara kadhaa karibu na kilabu cha nyuma ya gare kutazama jinsi mlevi anavyoteremka ngazi, akagundua kwamba mlevi hajaribu kuyumba, bali anajaribu kwa nguvu zake zote kusimama wima. Maneno yake aliyakariri akinawa mikono kabla ya kupasua, muuguzi mmoja akimjibu kwa sauti ya bwana.

Basi ikaja Jumapili ambayo ilitupima. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Mama alikuwa katikati ya ule mchezo wa sufuria wakati mlango wa nyuma ulipofunguliwa na dereva wa hospitali akaingia, akasimama, asijue aite nani. Mama alimwona. Aliishusha sufuria polepole, na kabla hajafika chini ya jukwaa alikuwa amekwisha kuwa mtu mwingine. Hata mwendo ulibadilika. Shimo lilikuwa limeanguka. Watu walifikiri ni sehemu ya mchezo, wakaendelea kucheka mpaka Tata Mwape alipoinua mkono akawaambia.

Baba alinishika mkono, tukapita nyumbani kuchukua nguo safi, tukaenda kwa miguu kwa haraka. Tulipofika, uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa akina mama wa wachimbaji. Mmoja, mwembamba, miguu mitupu, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji amenyoosha mikono pande zote mbili. Mama yangu alikuwa mbele yake na kitenge chake chenye tundu, mikunjo ya makaa usoni, kilemba upande.

"Uyu ni Mama Kilauri!" mwanamke alikuwa akipiga kelele. "Mi namujua, nilimuona na macho yangu! Hapana! Mulevi hatamupasula mutoto yangu!"

"Mama, mutoto iko navuja damu ndani," mama alisema. "Hatuna saa."

"Hapana!"

Muuguzi alitaka kumvuta yule mwanamke pembeni. Mama akamzuia. Akaenda kwenye bomba la uani, akanawa uso mbele ya watu wote, maji meusi yakimtiririkia shingoni, akasugua mikono hadi viwiko. Kisha akarudi akasimama karibu kabisa na yule mama, uso kwa uso, akafungua mdomo akampulizia pumzi.

"Nusa."

Mwanamke alirudi nyuma.

"Nusa, mama. Unasikia pombe?"

Yule mama alisogea. Alinusa kwa uangalifu, kama anayenusa maziwa.

"Nasikia karanga," akasema.

"Ni karanga. Ku kilauri ni maji." Mama alinyoosha mikono yake yote miwili, inayodondosha maji, akaiacha hewani baina yao. Haikutikisika. "Niachie mutoto yako. Nitamuchunga sawa na wangu."

Mwanamke alishusha mikono.

Kijana aliishi. Wengu ulikuwa umepasuka, mama akautoa, na kabla ya giza kuingia alikuja kumwambia yule mama kwa mdomo wake. Wenzake wawili hawakutolewa hai shimoni, na kilio cha ndugu zao kilikuwa upande wa pili wa uwanja ule ule. Nilikuwa mgongoni kwa baba. Nilimwona mama anatoka kwa mmoja na kuwaendea wengine, mikono imetulia, uso umetulia, na kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya neno lile la "naweka."

Wiki iliyofuata mkubwa wa hospitali alimwita. Habari za mlangoni zilikuwa zimemfikia, na hakuwa mtu mbaya; alihofia jina la hospitali yake. "Dokta, chagua," alimwambia. "Kisu ao kilauri." Mama alichagua kisu. Hakulalamika. Alikikunja kitenge chenye tundu akakiweka chini ya vingine.

Nilitarajia kufurahi. Sasa alikuwa wetu Jumatano na Jumamosi. Lakini mama aliyekaa nasi alikuwa amechoka kwa namna mpya. Alirudi akakaa na viatu miguuni, akitazama ukuta. Sahani ikigongana alishtuka. Siku moja nilimwona akishikilia kikombe kwa mikono yote miwili. Baba pia aliona. Kesho yake alivaa suti ya harusi, ile ambayo haikufunga tena kifungo cha chini, akamwambia mama, "Twende." Mama akauliza wapi. "Kwa mukubwa wako. Nataka urudie kwa bwana yako."

Yaliyosemwa kule nimeyasikia kwa baba mwenyewe, mtu ambaye hapendi kusema. Mkubwa aliwauliza: wagonjwa wakikataa, itakuwaje? Mama akajibu kwamba mgonjwa akikataa atamwita daktari mwenzake, na kama mwenzake hayupo atamwacha anuse. Akaahidi kwamba siku ya zamu hatapanda jukwaani hata padri akimwomba, na kwamba mke halisi wa Tata Mwape atajifunza maneno yote ili amshikie nafasi. Mkubwa bado alikunja uso. Ndipo baba akasema: "Mukubwa, weye unamuonaka na mikono inafanya kazi. Mi namuonaka ikirudia nyumba. Nakuomba, umuache." Mkubwa akasema sawa, lakini yeye wasimwalike kutazama.

Leo nami nina kazi inayokula mchana wangu wote, na kitu kingine ninachokipenda kinachokula kilichobaki: ninawafundisha voliboli wasichana wa mtaa wetu, na wamekuwa wazuri kweli. Watu huniuliza muda ninautoa wapi. Mama walimuuliza hivyo maisha yake yote, wakimsifu kwa nguvu zake. Nguvu alikuwa nazo. Lakini mimi nilikuwa mle ndani, na niliona kwamba muda wake ulikuwa na wenyewe waliokuwa wakimpa. Baba alimpa wake juu ya meza ya pasi. Na Tata Mwape alimpa wake mbele ya watu wote. Hilo ndilo nililotaka kulisema mazishini, wakanipita waliojua kusema.

Jumapili ya kwanza aliporudi jukwaani hakuwa na zamu, lakini mwenzake aliugua homa, na asubuhi mama alipasua wanawake wawili mfululizo kabla hajapokewa na daktari mwingine. Alifika ukumbini mchezo ukiwa karibu kuanza. Alivaa, akapakwa makaa usoni, akaketi kwenye benchi nyuma ya pazia kusubiri zamu yake ya kuingia, na usingizi ukamchukua hapo hapo, kichwa mapajani mwangu. Tata Mwape alichungulia. Mke wake alikuwa tayari na kilemba, anataka kuingia badala yake. Yeye akamtikisia kichwa. Aliweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze, akavuta suruali juu ya tumbo lake, akatoka peke yake mbele ya ule umati.

Katika mchezo alipaswa kugonga mlango mara moja na bibi afungue. Nilimsikia akigonga. "Mama Kilauri! Fungula!" Kimya. Akagonga tena. Akaanza kubembeleza mlango. Akauimbia. Akaulaumu mlango kwamba nao umekunywa. Akawauliza watu wa mstari wa mbele kama wao hufunguliwa kwao, na mmoja akajibu, na ukumbi ukalipuka. Jasho lilikuwa linamtiririka, niliona kupitia tundu la pazia. Hakuwa na neno lolote lililoandikwa, alikuwa anajitungia tu, akimnunulia mama dakika baada ya dakika.

Mwishowe nilimgusa bega. "Mama. Mama, lamuka."

Alifungua jicho moja. "Banacheka?"

"Banacheka sana."

Alisikiliza. Tata Mwape alikuwa sasa anajaribu kuingia kwa dirisha, na kwa kelele zile nadhani tumbo lilikuwa limenasa.

"Basi muache kidogo," mama alisema, akafumba jicho.

Nilimwacha. Nilikaa kimya kabisa ili mapaja yangu yasimsumbue, mkono wangu juu ya mikono yake, na nje ya pazia mtu yule mnene aliendelea kuhangaika kwa furaha ili mama yangu alale.